Siku moja Colombo na shangazi: hekalu moja, soko moja

Watu wakisikia nimepanda meli ya kitalii toka Dubai mpaka Singapore wanaanza kuuliza bei, afu wanauliza chakula, mi nataka niongelee kitu kingine, zile siku meli inapofunga bandarini na mnashushwa mkatembee, manake hapo ndo unajua kama pesa yako imefanya kazi au imepotea. Na siku iliyonifundisha kuliko zote ni ya Colombo, Sri Lanka. Nilikuwa na shangazi yangu wa Tanga, mtu mzima, Muislamu wa swala tano, ameuza viungo na vitambaa toka ujana wake, na mengi niliyoyapata siku ile niliyapata kwa kumtazama yeye.

Kwa wasiojua inavyokuwa: meli inaingia alfajiri, inaondoka jioni ileile. Ndani ya meli wanauza ziara, unalipa mapema, unapewa stika yenye namba ya basi, mnaitwa kwa makundi mnashuka. Ziara za Colombo zilikuwa za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kwenda Kandy kwenye Hekalu la Jino, linapotunzwa jino ambalo Wabudha wanaamini ni la Budha mwenyewe. Sasa Kandy ni kama kilomita 115 toka Colombo na njia inapanda milima, ni masaa matatu au zaidi kwenda na mengine kurudi, ukifika una nafasi ndogo tu, na kile chumba cha juu kinafunguliwa nyakati za ibada tu, na hata kikifunguliwa utaona kasha la dhahabu, jino lenyewe halionyeshwi hivihivi. Simaanishi Kandy haifai jamani, mji wenyewe ni urithi wa dunia toka 1988, ukienda Sri Lanka wiki nzima ulale kule na usikie ngoma za ibada asubuhi na jioni. Ila kwa siku ya meli utakuwa umelipa kukaa kwenye basi. Walioenda walirudi wamechoka kweli, na mmoja aliniambia alichokiona vizuri ni barabara.

Ya pili ilikuwa ya hapohapo mjini, mahekalu kadhaa, makumbusho, duka la vito, soko dakika ishirini, yote asubuhi moja. Nikaisoma ratiba nikaona hapana, hii ni kupanda na kushuka basi tu. Nikatafuta dereva mapema kabla hatujaondoka Dubai, mtu mwenye gari dogo na kiingereza kizuri, tukakubaliana sehemu tatu tu basi: hekalu la Kelaniya, ule ukumbi wa Seema Malaka pale ziwani, na soko la Pettah. Sehemu tatu, na ile ya katikati ni ya kupita tu.

Hapa niwaambie kitu muhimu sana. Ziara ya meli ikichelewa meli inasubiri au wanajua cha kuwafanyia, ukienda mwenyewe ukachelewa inaondoka na mizigo yako, utaifuata bandari ijayo kwa gharama zako. Sisi meli ilisema watu wote wawe ndani saa kumi na nusu jioni, nikamwambia dereva saa tisa kamili tuwe getini na asinipe stori ya foleni, manake foleni ya Colombo mchana haina adabu. Pia angalia saa ya meli na saa ya mji maana haziendi pamoja kila bandari, Sri Lanka wako mbele yetu Afrika Mashariki kwa masaa mawili na nusu, hiyo nusu inawachanganya watu. Na visa ulizia mapema kwa kila bandari mtakayoshuka kulingana na pasi yako, usifuate alichofanya mwenzako mwenye pasi ya Uingereza.

Usiku wake shangazi alinishtua. Tumekaa kibarazani kwa nje bahari imetulia, akasema, "Mwanangu, hebu niambie, mimi naingia nyumba ya masanamu kutafuta nini?" Hakuwa anagomba, alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia shangazi tunaenda kutazama watu wanavyoishi, hatuendi kuabudu, ukiona moyo haukutumi utabaki uani mimi nitaingia nitoke. Akafikiri akasema, "Basi mimi nitakaa uani." Nikamwambia sawa, na nilimaanisha, manake kumvuta mtu mzima kwenye jambo la imani siyo adabu hata kidogo. Wapo watu wengi wa kwetu hili swali wanalo na hawalisemi, wanaishia kubaki melini siku nzima, na hakuna haja ya kubaki.

Asubuhi tukatoka. Bandari ya Colombo ni ya mizigo, makontena kila upande, hutembei kwa miguu mle, kuna basi la kukupeleka mpaka getini. Nje ya geti wenye bajaji wanakujia, huyu anasema twende, yule anasema leo kuna sikukuu kubwa hekaluni tembo wamepambwa, ni leo tu. Hiyo ya tembo wa leo tu ni maarufu Colombo, mwisho wake mara nyingi ni duka la vito. Tulishawahi kuonywa, tukawasalimia kwa heshima tukapita kwa dereva wetu.

Kelaniya iko kama kilomita kumi hivi toka katikati ya mji, pembeni ya mto Kelani. Wabudha wa Sri Lanka wanaamini Budha mwenyewe alifika pale kwenye safari yake ya tatu ya kisiwa kile, ndo maana kwao ni sehemu nzito sana. Hekalu la zamani Wareno walilivunja karne ya 16, lililopo sasa limejengwa upya kwa vipindi. Ile stupa yake, yani lile kuba kubwa jeupe lisilo na mlango, umbo lake ni la rundo la mpunga, na hivyo ndivyo wenyewe wanavyoliita, maana mafundi wao wana maumbo kadhaa ya stupa na kila moja lina jina.

Nje kabla hujaingia kuna wauza maua. Hapo shangazi akaamka. Yungiyungi za zambarau, nyeupe, za waridi, yasmini, zimepangwa kwenye vikapu, na mafuta ya nazi ya kuwashia taa, na vijiti vya ubani, na wamama wanazikunjua petali za yungiyungi kwa vidole haraka haraka mpaka ua lote linafunguka. Shangazi akasimama pale akauliza bei ya kila kitu kupitia dereva, nani analeta, yanatoka wapi, yanakaa mpaka saa ngapi kabla hayajanyauka, lililobaki jioni linafanywa nini. Yani alikuwa anapiga hesabu za yule mama. Mi niliona pale pale kwamba soko na hekalu kule havijatengana, biashara ya watu inaanzia mlangoni mwa ibada, ukikimbizwa na basi mpaka ndani unalikosa lote hilo.

Sasa mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, viatu vinavuliwa, kofia pia. Mi nilikuwa na gauni refu na soksi, na hizo soksi zibebeni, manake ikifika saa tano sakafu ya mawe inaunguza nyayo, watu wazima wanaumia. Shangazi alibeba kanga mbili tatu kwenye mkoba, mwenyewe kama kawaida yake hatoki bila kanga. Kuna dada mmoja wa kizungu toka meli yetu alizuiwa kwa sababu ya kaptula, kasimama hajui afanye nini, shangazi hakusema neno, kamfuata kamfunga kanga kiunoni akaikaza fundo na kumpiga kofi dogo la mgongoni kwamba nenda. Yule dada alituandama siku ile mpaka tunaondoka hekaluni, anashukuru tu.

Mengine ya adabu: usipige picha umeipa sanamu ya Budha mgongo, hiyo selfi inawaudhi kweli, na tatoo ya Budha kama unayo ifunike, mwaka 2014 kuna mtalii wa Uingereza alikamatwa na kurudishwa kwao kwa sababu ya tatoo ya mkononi. Mtawa akiwa amekaa usimsimamie juu ya kichwa, na kama we ni mwanamke usimguse mtawa. Maua ya kutoa usiyanuse kwanza, harufu ni ya anayepewa. Ukizunguka stupa au mti, mkono wako wa kulia ndo uwe upande wake.

Shangazi akakaa uani kama alivyosema, kwenye mchanga chini ya kivuli cha mti wa Bo. Ule mti wana habari nao kubwa: asili yake wanaitaja mpaka kwenye ule mti wa India ambao Budha alikaa chini yake, tawi lake likaletwa Sri Lanka na Sanghamitta binti wa mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, likapandwa Anuradhapura na lipo mpaka leo, na karibu mahekalu yote nchini yana mti wake wa jamii hiyo. Watu wamevaa nyeupe, wanazunguka na vyungu vya maji wanaumwagilia, wengine wamekaa tu wanasoma kimoyomoyo. Mi nikaingia ndani kuangalia michoro ya ukutani ya Solias Mendis, aliichora miaka ya 1930 na 1940, na kuna mmoja wa huyo Sanghamitta amebeba mche kwenye chungu anashuka chomboni, ukiuangalia unasikia utulivu. Nilikaa humo muda mrefu peke yangu, makundi ya mabasi yakapita, moja, jingine, jingine, kila kundi mtembezaji kainua kibendera anaongea wanapiga picha wanatoka. Hawakuwa na kosa, ratiba ndo inawafukuza.

Nilipotoka nikakuta shangazi kazungukwa. Kuna bibi mmoja wa palepale kakaa karibu naye, na dereva yupo anatafsiri. Wao wana desturi, mtu akibeba sinia la maua kwenda kutoa anawapitishia wengine waguse, ili thawabu igawanywe. Yule bibi alimletea shangazi sinia. Shangazi akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa kidogo akatabasamu, hakugusa. Bibi akaelewa mara moja, akaweka sinia pembeni akakaa naye, wala hakununa. Shangazi akamuuliza dereva, wakishatoa maua wanasema nini? Dereva akamwambia wanasema kwamba kama ua hili linavyonyauka, na mwili wangu nao unaelekea huko. Shangazi akanyamaza, afu akasema, "Kullu nafsin dhaiqatul maut." Kila nafsi itaonja mauti. Akamwambia dereva amfasirie yule bibi, bibi akatikisa kichwa akamshika mkono. Mi nimesimama pale machozi yananilenga, kwakweli. Wazee wawili hawana lugha moja, hawana dini moja, na hakuna aliyetoka kwenye yake hata hatua. Hilo halipo kwenye ratiba yoyote ya meli na haliwezi kuwekwa, linataka muda wa kukaa chini mchangani bila kufanya kitu.

Tukatoka kwenda Seema Malaka, iko juu ya maji kwenye ziwa Beira katikati ya mji, majukwaa matatu yameunganishwa na vidaraja, ni sehemu ya hekalu la Gangaramaya. Imebuniwa na Geoffrey Bawa, msanifu wao mkubwa, mwaka 1976. Pale hatukukaa sana, ila kuna jambo dereva alisema shangazi akamwambia rudia. Waliotoa pesa za kujenga ule ukumbi ni Muislamu, mfanyabiashara S. H. Moosajee na mkewe, kwa kumbukumbu ya mtoto wao aliyefariki. Hebu fikiria, mtu kafiwa na mwanae, anawajengea majirani zake wa dini nyingine mahali pa kutulia. Na hii ni nchi iliyopita vita toka 1983 mpaka 2009, ikaja na mabomu ya Pasaka 2019, siyo kwamba wao hawajui kugombana. Shangazi alisimama kwenye ukingo akamwombea dua yule mtoto, dua ya kwetu, kimyakimya, ndege mwari wanaogelea mbele yake.

Sasa Pettah. Jamani Pettah. Kama umekulia Tanga, Mombasa, Unguja, hapo utajikuta unajua njia. Mitaa imegawana bidhaa, mtaa huu vitambaa, huu vyombo, huu dawa za miti shamba, Sea Street dhahabu tupu na mahekalu ya Kihindu katikati yake. Wachukuzi wanavuta mikokoteni iliyojaa magunia wanapiga kelele upishe, na upishe kweli. Katikati kuna ule msikiti mwekundu, Jami Ul-Alfar, umejengwa 1908 na 1909, matofali ya nyekundu na nyeupe kwa mistari, minara yake mabaharia walikuwa wanaitumia kuijua Colombo wakiwa bado baharini. Adhana ya adhuhuri ilitukuta hapo. Sisi tulishanuia kukusanya adhuhuri na alasiri tukirudi melini, ni wasafiri, lakini shangazi alisimama mpaka adhana ikaisha, na nilimwona uso umefunguka.

Kwenye viungo ndo nilipomwona shangazi kazini. Mdalasini asili yake ni kisiwa kile, Wareno waliufuata huo toka 1505, Wadachi wakauchukua, Waingereza wakaja 1796, watu wamepigana karne kwa karne kwa ajili ya gome la mti. Shangazi akachukua kijiti akakivunja, akanusa, akarudisha. Akachukua cha gunia jingine. Akaniambia, "Njoo uangalie we mwana. Huu wa kweli ni magamba membamba mengi yamejikunja ndani kwa ndani, unavunjika kwa vidole. Ule mnene wa gome moja gumu ni mwingine, siyo mbaya, ila usiuziwe kwa bei ya huu." Muuzaji akacheka, akaingia ndani akatoka na boksi ambalo hakuwa ameliweka mbele, vijiti vyembamba sana vya rangi ya udongo mwepesi, wanaviita Alba, daraja la juu kabisa. Basi pale wakaanza kuzungumza bei wawili wenye kujua, mi nimekaa kwenye kigoda. Huwezi kujifunza hivyo kwa dakika ishirini za ratiba, na duka ambalo mabasi yanapelekwa sijui kama wangetoa boksi la ndani.

Kuhusu bei: maduka ya ndani mengi bei yake imeshapangwa, ukivuta sana unamkera mtu, wa barabarani ndo mnavutana. Beba rupia ndogondogo, dola wanapokea baadhi lakini unapunjwa. Na mwenye kukupeleka dukani bila wewe kuomba, jua kuna kamisheni kwenye bei utakayotajiwa.

Vingine tulivyoviona shangazi alikuwa anavitaja kabla muuzaji hajafungua mdomo. Tambuu na popoo. Iliki, kungumanga, pilipili manga, karafuu. Shokishoki. Fenesi, shelisheli. Embe ng'ong'o wanalitia pilipili na siki wanaliuza kwenye kikombe, wanaliita achcharu, na ni achari hiyohiyo ya kwetu. Mbuzi ya kukunia nazi ya kukalia, ipo, shangazi alikaa juu yake dukani kuijaribu. Samaki mkavu anayenuka mtaa mzima. Sukari guru yao wanaitengeneza kwa utomvu wa mti wa jamii ya mtende unaoitwa kithul, nyeusi, ina harufu ya moshi kwa mbali. Na dafu la rangi ya chungwa, thambili, hilo ndo lilimshangaza kweli, akanywa akaomba jingine. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kama miaka kumi na tatu baadae akapita huko Sri Lanka, Colombo akaitaja, huo ni uchumi mmoja wa pepo za kusi na kaskazi, na vyakula vilitembea na vyombo. Nilikuwa naijua hiyo habari darasani. Kumwona shangazi anaizungumza kwa mikono ni kitu kingine.

Tukala kwenye mgahawa wa Waislamu palepale, wali, dengu za nazi, kachumbari yao ya nazi ya kukuna na pilipili, na mwisho watalappam, ni tui, sukari guru, mayai na iliki, inapikwa kwa mvuke. Wanaipenda siku ya Idi. Shangazi alitaka kuingia jikoni aone, mwenye mgahawa akamkaribisha, akakaa humo mpaka dereva akaanza kuangalia saa.

Saa tisa kasoro tukawa getini. Kabla ya kwenda niwape hili la mwisho kwa atakayepanga: angalia kalenda ya mwezi. Kila mwezi mpevu kule ni Poya, sikukuu ya taifa, nyama na pombe haziuzwi, maduka mengi yanafungwa, ila mahekalu yanajaa watu wa nyeupe toka asubuhi. Meli yako ikiangukia siku hiyo sahau soko, siku yote ipeleke hekaluni. Jumapili pia Pettah inalala. Na kama meli yenu inafunga Hambantota badala ya Colombo mambo yanabadilika kabisa, huko kuna stupa kubwa ya Tissamaharama siyo mbali, ila soko la kushinda siku nzima usilitegemee.

Getini melini wanakagua mifuko. Matunda mabichi walichukua, shokishoki zetu zikaishia hapo, mdalasini mkavu uliofungwa vizuri ukapita bila neno. Kwa hiyo mbichi kuleni mjini, kavu ndo mbebe.